Mwalimu na Mashine katika Nchi ya Kusini

Swali la kama kompyuta yaweza kushika mahali pa mwalimu darasani hudhaniwa kuwa jipya kwa sababu chombo chenyewe ni kipya. Lakini swali ni kongwe kuliko chombo. Mwaka 1913 Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, alitabiri kuwa filamu zingeviondoa vitabu shuleni baada ya miaka michache. Mwaka 1954 B. F. Skinner, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha kisanduku chenye maswali yaliyopangwa hatua kwa hatua, ambacho kilimwezesha mtoto kujifunza na kujua papo hapo kama jibu lake lilikuwa sahihi. Vitabu vingalipo mpaka leo, na mwalimu angalipo. Hata hivyo, utabiri ulioanguka mara mbili si hoja ya kutosha kwamba utaanguka mara ya tatu. Yafaa swali hili lipimwe kwa mizani ya mahali panapojulikana na ya mambo yaliyokwisha kutendeka, kuliko kupimwa kwa dhana peke yake.

Mandawa ni kata ya Wilaya ya Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, nayo Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi mwaka 1995. Ni nchi ya Wamwera na jirani zao, wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi, mtama na mihogo. Haitajwi sana katika vitabu vya historia ya elimu. Lakini mtu aliyezaliwa huko mwaka 1945 na kujaliwa umri mrefu ameishi katika zama za mashine tatu zilizokuja, moja baada ya nyingine, na ahadi ya kufanya peke yake kazi ambayo kwanza ilifanywa na watu wengi. Ya kwanza ilikuwa trekta, ya pili redio, na ya tatu kishikwambi. Kila moja ilipokelewa kwa tumaini la msemo wa kale, mgeni njoo mwenyeji apone. Kupona au kutopona kwa mwenyeji ndiyo habari ya insha hii.

Kabla ya mashine hizo elimu ilikuwa na shule zake. Ya kwanza ilikuwa jando na unyago, ambamo vijana walifundishwa utu uzima kwa nyimbo, mafumbo na matendo chini ya wakungwi. Ya pili ilikuwa chuo cha Kurani, kilichoingia bara kutoka pwani. Ya tatu ilikuwa misheni. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Wabenediktini kutoka Ujerumani wakafungua vituo vya Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, na Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1905 vita vya Majimaji viliiteketeza misheni ya Nyangao. Majengo yaliangamia, lakini mafunzo yalirudi pamoja na watu waliorudi.

Shule hizo zilitofautiana kwa imani na kwa makusudi, wala haifai kuzipamba kwa sifa zisizo zao, maana kiboko kilikuwa lugha iliyosemwa sana katika nyingi kati yake. Lakini zilifanana katika jambo moja. Kila moja ilikuwa na chombo chake, na katika kila moja chombo hakikudhaniwa kuwa mwalimu. Jandoni palikuwa na ngoma, chuoni palikuwa na ubao na wino, misheni palikuwa na kitabu. Mtoto wa chuoni aliandikiwa aya katika ubao, akaisoma kwa sauti mbele ya mwalimu, na mwalimu akamsikiliza, akamsahihisha, akamrudisha nyuma au akampandisha mbele. Ubao ulibeba aya kwa uaminifu, lakini haukujua kama mtoto ameifahamu au anaifuata kwa mdomo tu. Wala haukujua kwa nini jana hakuja. Mambo hayo mawili yalijulikana na mtu.

Mashine kubwa ya kwanza haikuja kufundisha watoto. Ilikuja kulima, lakini habari yake ni mlango wa habari zinazofuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikakusudia kulima karanga katika Tanganyika kwa kipimo ambacho hakijapata kuonekana. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, na Urambo na Nachingwea zikatiwa katika mpango huo. Matrekta yaliletwa kutoka katika mabaki ya vita, na mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Kwa ajili ya karanga hizo reli ilitandikwa hata Nachingwea, na bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara. Waliopanga waliamini kuwa nguvu ya chuma ingeweza kuufanya upesi uchunguzi wa udongo na mvua ambao wakulima wenyeji walikuwa wameukusanya kwa vizazi. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Mwaka 1962 reli nayo ilifungwa.

Trekta halikushindwa kwa kuwa ni chombo kibaya. Lilishindwa kwa kuwa liliwekwa mahali pa maarifa, ilhali mahali pake ni mikononi mwa wenye maarifa. Tofauti hiyo ndogo kwa maneno ndiyo iliyogharimu pauni milioni 36, nayo ndiyo ya kuangaliwa katika habari ya redio.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, mwaka uleule karanga ziliposhindwa. Baada ya uhuru redio ilifanywa chombo cha elimu kwa taifa zima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo, ambacho wengi walikiita ngumbaru, kikaenea vijijini. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni mbili katika Tanzania Bara walikutana kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yaliyofuga mbu. Vyoo vilichimbwa kwa wingi ambao hotuba za maofisa hazikupata kuuleta kabla ya hapo.

Mtu akiitazama kampeni hiyo kwa mbali atasema kuwa sauti moja kutoka Dar es Salaam ilifundisha watu milioni mbili, na hapana mwalimu awezaye kufanya hivyo. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kabla ya redio kufunguliwa, viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walipewa mafunzo. Kwa hesabu hiyo kila kiongozi alikuwa na watu wasiofika 30, uwiano ambao shule nyingi za msingi za Tanzania hazijaufikia mpaka leo. Redio ilileta habari moja iliyo sahihi mahali pote kwa saa moja, na hiyo ni kazi kubwa. Kazi ya kumwuliza jirani kwa nini choo chake hakina mlango haikufanywa na redio. Ilifanywa na kiongozi wa kikundi, kwa sababu yeye alipita mbele ya nyumba hiyo kila siku.

Mwaka uliofuata, 1974, ulileta maamuzi mawili ambayo hayakukusudiwa kuhusiana, lakini historia yayaweka pamoja. La kwanza lilihusu kompyuta. Serikali ilikuwa imeweka kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini gharama na matatizo vikaonekana kupita manufaa, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. La pili lilitoka Musoma mwezi wa Novemba, ambapo chama cha TANU kiliazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Basi taifa liliukana msaada wa kompyuta katika mwaka uleule lilipojitwika mzigo mkubwa kuliko wote liliopata kujitwika katika elimu.

Mzigo huo ulihitaji walimu kwa maelfu, na vyuo havikutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakapelekwa katika shule za vijiji wafundishe huku wakijifunza ualimu. Saa nyingine walisimama mbele ya watoto, na saa nyingine walisoma masomo yaliyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Wakufunzi waliwatembelea, na mwisho wa masomo yao walikwenda chuoni kwa wiki sita. Walimu zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watoto wa shule za msingi, waliokuwa wapata milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni tatu mwaka 1980. Katika wilaya za kusini, zilizokuwa nyuma kwa barabara na kwa shule, maana yake ilikuwa kwamba mtoto ambaye babu yake hakuona kalamu alipata mtu wa kumshika mkono na kumwonyesha jinsi ya kuandika jina lake.

Lakini kila kitu kina bei. Herufi za UPE, jina la Kiingereza la mpango huo, zikageuzwa na watu kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Miaka thelathini baadaye, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa haraka na vijana kupelekwa kufundisha baada ya mafunzo mafupi, wakaitwa vodafasta, jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa upesi. Dhihaka hizo hazikuwa za haki kwa wengi wao, waliofundisha kwa moyo katika madarasa yenye watoto wengi na vitabu vichache. Hata hivyo zabeba hukumu ya watu wasioandika makala: kwamba mwalimu hutengenezwa kwa muda, na mtu asipopewa muda huo hupelekwa darasani akiwa nusu ya mwalimu. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu wanaosema kwamba kompyuta yaweza kumpita mwalimu mara nyingi humlinganisha chombo kilichotengenezwa kwa miaka mingi na fedha nyingi na mtu aliyetengenezwa kwa wiki sita.

Hoja ya upande wa pili yastahili kusikilizwa katika ushahidi wake ulio bora, nao haukutoka kusini bali katika Mkoa wa Tanga. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15: itungwe programu ya kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, bila mwalimu. Vikundi vitano viliingia fainali. Tangu mwisho wa mwaka 2017 hadi mwanzo wa mwaka 2019, kwa muda wa miezi 15, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya Tanga walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vikachajiwa kwa umeme wa jua, na programu zikazungumza nao kwa Kiswahili. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki katika kazi hiyo. Kabla ya jaribio watoto 74 katika kila 100 walisema hawakupata kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Jaribio lilipokwisha idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, ziligawana tuzo kuu.

Ushahidi huu haukanushwi kwa methali. Watoto ambao hawakuwa na mwalimu walijifunza kusoma kwa msaada wa mashine, na mwenye kulidharau jambo hilo hajapata kukaa na mtoto mwenye kiu ya kusoma na asiyekuwa na wa kumfundisha. Mashine ilikuwa na subira isiyokwisha. Ilirudia herufi moja mara mia bila kukunja uso. Haikumtukana mtoto, wala haikushika kiboko. Mwalimu yeyote mwenye haki atakiri kwamba katika hayo ana la kujifunza kwake.

Lakini ushahidi huo usome kwa ukamilifu. Kwanza, jaribio lilipima mashine mahali pasipokuwa na kitu. Halikuipima dhidi ya mwalimu aliyefundishwa vizuri na mwenye darasa la kadiri. Jibu lake ni kwamba mashine ni bora kuliko kukosa mwalimu, na jibu hilo halilingani na kusema kuwa ni bora kuliko mwalimu. Pili, nusu iliyobaki ilibaki. Watoto hao walikuwa na chombo kilekile, sauti ileile na miezi ileile, na herufi hazikuwaingia. Kwa nini? Kishikwambi hakikuweza kwenda nyumbani kwao kuuliza. Tatu, hata mahali palipoitwa pasipo na mwalimu palikuwa na watu. Kila kijiji kilikuwa na mtu mzima, aliyeitwa mama wa kijiji, aliyeangalia vyombo na watoto. Na nyuma ya kioo walikuwapo waliotunga masomo. Kama katika Mtu ni Afya, mtazamaji wa mbali aliona mashine peke yake.

Mwaka uliofuata ulileta jaribio lisilopangwa na mtu. Tarehe 17 Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, na masomo yakarushwa kwa redio na televisheni mpaka shule za msingi zilipofunguliwa mwishoni mwa mwezi wa Juni. Katika majira hayo tofauti za watoto zilidhihirika waziwazi. Mtoto wa mjini mwenye televisheni, simu ya mzazi na ndugu aliyesoma aliendelea. Mtoto wa kijijini asiyekuwa na vitu hivyo alikwenda shambani. Mashine, ambayo kwa maneno ya wapenzi wake ilikuja kuwasawazisha watoto, ilimwongeza aliyekuwa nacho na kumpita asiyekuwa nacho.

Kisha, mwaka 2022, vishikwambi vikagawanywa katika nchi nzima kwa njia ambayo watabiri hawakuiwaza. Sensa ya Watu na Makazi ilifanywa mwezi wa Agosti kwa kutumia vyombo hivyo, na ilipokwisha serikali ilivigawa kwa walimu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa Mbunge wa Ruangwa na alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika siasa. Basi mashine iliyotabiriwa kumwondoa mwalimu ilitiwa mkononi mwake, kama jembe litiwavyo mkononi mwa mkulima. Uamuzi huo uliiweka mashine mahali pake, ingawa kufaa kwake hutegemea umeme, mtandao, na saa ambazo mwalimu mwenye watoto wengi aweza kuzipata ili ajifunze kukitumia chombo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo zilitokea programu za akili mnemba, zinazojibu maswali kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Hapa hoja ya zamani yapungua nguvu. Ilikuwa rahisi kusema kwamba redio husema wala haisikilizi. Lakini kompyuta ya leo husikiliza, hujibu, na hurudia maelezo kwa njia nyingine mtu asipofahamu, ingawa yaweza kukosea kwa sauti ya mwenye uhakika. Mwenye kumtetea mwalimu kwa kusema kwamba yeye peke yake ndiye ajuaye mambo mengi atashindwa, na yastahili ashindwe, kwa sababu ualimu haukupata kuwa ghala la habari tu.

Tofauti iliyobaki ni nyingine, na darasa la Mandawa laionyesha vema. Mashine humjibu aulizaye. Lakini mtoto mwenye kuhitaji shule kuliko wote ni yule asiyeuliza: anayekaa nyuma na kunyamaza kwa sababu nyumbani husema Kimwera na Kiswahili chamtia aibu, asiyekuja katika majira ya korosho kwa sababu mikono yake yahitajika mkorosho unapodondosha, msichana aliyetoka unyagoni na kuambiwa kwamba sasa yeye ni mtu mzima, na kitabu ni cha watoto. Huyo hafiki mbele ya kioo, na akifika hana swali. Ni lazima atafutwe. Kumtafuta asiyeuliza ni kazi ya mtu ajuaye jina lake, nyumba yake na mjomba wake, na ambaye kijiji chaweza kumwita mkutanoni na kumwuliza: mbona mtoto wetu hajui kusoma? Mashine haiitwi mkutanoni. Kweli, wako walimu waliotoka mbali, wasiojua Kimwera na wasiomtafuta mtu; na mbele ya mtoto huyo mwalimu wa namna hiyo hana ubora mwingi kuliko kioo. Lakini yeye aweza kuulizwa, kuonywa na kufundishwa kazi yake, ilhali kioo hakina wa kuulizwa.

Kwa hiyo hatari iliyopo si kwamba kompyuta itamshinda mwalimu. Hatari ni kwamba itafanywa udhuru. Wakubwa wa fedha, wakiona kwamba watoto wa Tanga walijifunza kusoma bila mwalimu, waweza kusema kwamba kata za mbali zitoshewe na vyombo, na walimu wabakizwe mahali penye barabara nzuri. Hapo mtoto wa mwenye mali atakuwa na mashine pamoja na mwalimu, na mtoto wa Mandawa atakuwa na mashine peke yake. Na atakaposhindwa itasemwa kwamba alipewa kila kitu. Huo utakuwa mpango wa karanga kwa mara ya pili, lakini safari hii hasara haitaandikwa kwa pauni.

Historia ya kusini haimfundishi mtu kuikataa mashine. Taifa liliikataa mwaka 1974, na kukataa huko hakukumwongezea mwalimu elimu hata kidogo. Kompyuta yafaa ifike Mandawa, na ifike mapema, iwe na masomo ya Kiswahili safi na umeme wa kuiendesha. Lakini katika hesabu za elimu iandikwe baada ya mwalimu, na fedha za kuinunua zisitoke katika fungu la kumfundisha. Redio ya mwaka 1973 ilifaulu kwa kuwa viongozi 70,000 walifundishwa kwanza, kisha redio ikafunguliwa. Utaratibu huo wafaa kufuatwa na kila atakayepakia vishikwambi katika gari na kushika njia ya Ruangwa.